Hati Imewasilishwa Lini? Maneno na Taratibu za Kufungua Mashauri kwa Njia ya Mtandao

Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku hakuna anayetatizwa na kauli kwamba wakili fulani amepeleka kesi mahakamani. Kila msikilizaji huona picha ile ile: mtu ameshika bahasha, anasimama mbele ya meza ya karani, karatasi zinapokewa, ada inalipwa, muhuri unagongwa, tarehe inaandikwa. Mambo hayo yote hutokea mahali pamoja na karibu kwa wakati mmoja, ndiyo maana kitenzi kimoja kimetosha kuyabeba. Lakini mahakama za Afrika ya Mashariki zilipoanza kupokea hati kwa njia ya mtandao, kitendo hicho kimoja kiligawanyika. Kuna dakika ya kupakia hati, kuna dakika ya kulipa ada, na kuna saa, pengine siku, ambayo ofisa wa mahakama anaipitia hati na kuikubali. Ni vitendo vitatu vya watendaji tofauti, na tarehe zake zaweza kutofautiana. Kwa kuwa sheria hupima haki za watu kwa siku, swali la kwamba kitenzi kuwasilisha kinataja kitendo kipi kati ya hivyo si swali la wanaisimu peke yao. Laweza kumpotezea mtu mali yake.

Makala haya yanaeleza utaratibu huo kama ulivyojengwa nchini Tanzania, yakionyesha njiani mambo ambayo wakili hana budi kuyazingatia. Tanzania imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi ambayo Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza kimeachiwa nafasi katika mazingira maalumu. Pili, bandari ya Dar es Salaam ni mlango mmojawapo wa shaba na kobalti ya Katanga. Mfanyabiashara wa Lubumbashi ambaye mzigo wake umepotea au umecheleweshwa huko anaweza kujikuta ni mdai katika mahakama ya Dar es Salaam bila ya kuwahi kukanyaga mji huo. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, hapana shaka kwamba mashauri ya namna hiyo yanawahusu pia wanasheria wa hapa, na wafasiri wanaofanya kazi nao.

Vitenzi vya kufungua shauri

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Katika Kiswahili cha mahakama za Tanzania mtu hufungua shauri. Kitenzi kufungua ni kinyume cha kufunga, na picha iliyomo ndani yake ni ya jalada linalofunuliwa kwa mara ya kwanza. Jalada nalo ni neno la asili ya Kiarabu linalohusiana na ngozi, kwa kuwa ngozi ndiyo iliyofunika vitabu. Jalada huwekwa katika masjala, nayo masjala inaongozwa na msajili, na kazi yake ni kusajili: maneno matatu ya mzizi mmoja, yote yakitaja uandishi katika daftari la serikali. Kwa hiyo kufungua ni kitendo cha mdai, kusajili ni kitendo cha mahakama. Lugha imekwisha kuwatenga watendaji hao wawili.

Kitenzi cha tatu ndicho chenye mgogoro. Kuwasilisha ni kauli ya kutendesha ya kuwasili, yaani kufanya kitu kiwasili. Mtu aliyetuma barua ametuma, hata barua ikipotea njiani. Mtu aliyewasilisha barua hawezi kudai hivyo kama barua haikufika. Maana ya kufika imo ndani ya shina. Neno hili ndilo linalotumika zaidi katika maandishi ya kisheria: hati ya madai huwasilishwa, utetezi huwasilishwa, hata hoja za mdomo mbele ya jaji huwasilishwa.

Mfumo wa kompyuta ulileta kitenzi cha nne, kupakia, kilichochukuliwa kutoka katika kazi ya vyombo na shehena. Ni tafsiri nzuri, nayo imeenea upesi, labda kwa sababu jozi ya kupakia na kupakua ilikuwa tayari vinywani mwa watu. Lakini msomaji wa Katanga hahitaji kuelezwa kwamba lori lililopakiwa Kolwezi bado halijafika bandarini. Kupakia ni mwanzo wa safari, kuwasilisha ni mwisho wake. Utaratibu wa mtandao umeviweka vitenzi hivyo viwili katika kibonyezo kimoja cha skrini, na mtumiaji akikibonyeza huamini kwamba safari imekwisha.

Utaratibu wenyewe

Msingi wa kisheria uliwekwa mwaka 2018, kwa Tangazo la Serikali Namba 148, lililotoa kanuni za kuwasilisha hati mahakamani kwa njia ya kielektroniki chini ya Sheria ya Uamuzi na Matumizi ya Sheria. Mfumo wa kwanza uliotumika ulijulikana kwa kifupi cha JSDS, na baadaye ukafuatiwa na mfumo mpana zaidi wa kusimamia mashauri, unaoitwa e-CMS. Majina ya mifumo hubadilika, na sura ya skrini hubadilika zaidi. Hatua za kazi hazibadiliki sana.

Wakili hujiandikisha kwanza na kupewa njia yake ya kuingilia. Neno la siri ni lake, na hapa ndipo penye uzembe wa kwanza. Ofisi nyingi humwachia karani neno hilo la siri kama zamani zilivyomwachia ufunguo wa kabati. Tofauti ni kwamba kabati halikuandika nani amelifungua. Kila hati iliyopita katika akaunti ya wakili inahesabiwa imetoka mkononi mwake, pamoja na makosa yaliyomo.

Baada ya kuingia, wakili huchagua mahakama, kituo, na aina ya shauri. Huandika majina ya wahusika, hupakia hati ya madai pamoja na viambatisho, kisha hutuma. Masjala huipitia hati na kuikubali au kuikataa. Ada hukadiriwa, na mfumo hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo ambayo kwayo mtu hulipa benki au kwa simu. Malipo yakithibitika na hati ikikubaliwa, shauri hupata namba yake na kupangiwa jaji au hakimu.

Hatua hizi zaonekana nyepesi zikiandikwa. Ugumu uko katika mambo madogo. Aina ya shauri ikichaguliwa vibaya, maombi yakaingizwa mahali pa rufani kwa mfano, masjala yaweza kuikataa hati, na siku zilizopita hazirudi. Majina ya wahusika hayana budi kufanana herufi kwa herufi na yale yaliyomo katika mkataba au katika cheti cha kampuni. Kwa majina ya Kikongo jambo hili ni zito kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mtu mmoja ana jina, jina la pili na jina la ubatizo, na fomu iliyobuniwa kwingine humlazimisha kuyapanga kwa utaratibu usio wake. Hati yenyewe na iwe imetolewa moja kwa moja kutoka katika programu ya kuandikia, si karatasi iliyopigwa picha kwa simu: maandishi ya picha hayatafutiki, uzito wake ni mkubwa, na jaji anayeyasoma kwenye skrini huchoka kabla ya kufika kwenye hoja. Kurasa zenye saini na viapo ndizo tu zinazohitaji kupigwa skani, na nakala zake za asili zitunzwe ofisini, kwani siku ya ubishi mahakama itataka kuziona.

Viambatisho navyo vipewe majina yanayosema kitu. Faili iliyoitwa mkataba wa usafirishaji na tarehe yake humsaidia msomaji; faili iliyobaki na tarakimu ilizopewa na mashine ya skani humlazimu kuifungua ili ajue ni nini. Hati iliyoandikwa kwa Kifaransa, kama zilivyo karibu hati zote za biashara za Lubumbashi, iambatane na tafsiri katika lugha ya mahakama tangu siku ya kwanza, wala isingojewe pingamizi la upande wa pili.

Saa sita ya usiku ya nani?

Katika kanuni zile za 2018, kanuni ya 21 ndiyo iliyogusa kiini cha mada hii. Kwa muhtasari ilisema kwamba hati itahesabiwa kuwa imefunguliwa katika tarehe iliyotumwa, ikiwa imetumwa kupitia mfumo kabla ya saa sita ya usiku kwa saa za Afrika Mashariki, isipokuwa pale mahakama ilipoweka saa maalumu au pale hati ilipokataliwa. Hati iliyotumwa baada ya muda huo, au siku ya Jumamosi, Jumapili au sikukuu, huhesabiwa kuwa ni ya siku ya kazi inayofuata.

Kanuni hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na humo mna vitenzi viwili mbalimbali. Kimoja kinataja kutuma au kutoa kwa mamlaka. Cha pili kinataja tokeo la kisheria, nacho kinatokana na neno la Kilatini filum, yaani uzi, kwa sababu hapo kale hati zilitungwa katika uzi mmoja. Mfasiri asiyeangalia huvifasiri vyote viwili kwa kuwasilisha, maana kila kimoja peke yake hufasiriwa hivyo katika matumizi ya kawaida. Matokeo yake ni sentensi isiyosema kitu: hati itahesabiwa imewasilishwa ikiwa imewasilishwa kabla ya saa sita ya usiku. Sharti na tokeo vimekuwa neno moja. Mwenye kuisoma kwa Kiswahili hawezi kujua kwamba sheria imetenganisha kitendo cha mtu na hukumu ya sheria juu ya kitendo hicho, na kwamba kati ya viwili hivyo kuna nafasi ya masjala kukataa.

Lililo jema ni kuviacha vitenzi vifanye kazi ambayo maumbo yake yanaviruhusu. Kutuma kitaje kile anachokifanya wakili kwenye skrini yake. Kukubali na kukataa vitaje kazi ya masjala, na kusajili kitaje kupewa namba. Kuwasilisha kiwekwe akiba kwa ajili ya tokeo la kisheria, kwa kuwa ndicho chenye maana ya kufika. Hapo kanuni husomeka: hati iliyotumwa kabla ya saa sita ya usiku huhesabiwa imewasilishwa siku ile, isipokuwa ikikataliwa. Wako watakaosema kwamba mahakama haiwezi kungoja wanaisimu wamalize kugawana maneno. Ni kweli, lakini gharama ya kutogawana hulipwa na wadai.

Ichukuliwe mfano wa kubuni. Kampuni ya usafirishaji ya Lubumbashi inataka kudai fidia kwa kuvunjwa mkataba. Sheria ya Ukomo ya Tanzania, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai yatokanayo na mkataba, na siku ya mwisho imeangukia Ijumaa. Wakili wa Dar es Salaam amekwisha andaa kila kitu. Kinachokosekana ni ukurasa mmoja wa uthibitisho wenye saini ya meneja. Umeme ulikatika Lubumbashi mchana kutwa. Unaporudi, meneja anatia saini, anapiga skani na kuutuma ukurasa huo saa nne na dakika hamsini za usiku, akijua kwamba imebaki saa nzima na zaidi. Kumbe saa ya Katanga iko nyuma ya ile ya Dar es Salaam kwa saa moja. Huko imebaki dakika kumi. Wakili akifanikiwa kutuma dakika tano kabla ya saa sita, shauri ni la Ijumaa. Akituma dakika tano baada yake, hati imeingia Jumamosi, nayo itahesabiwa ya Jumatatu, na ukomo umepita.

Matokeo ya kupitwa na ukomo nayo yanahitaji neno lake. Magazeti hupenda kusema kwamba kesi imetupiliwa mbali, bila kujali imekwenda kwa namna gani. Lakini mahakama za Tanzania hutenga shauri lililoondolewa kwa sababu ya kasoro, ambalo mwenyewe anaweza kulirekebisha na kulileta tena muda ukimruhusu, na shauri lililofutwa kabisa. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ukomo huamuru la pili. Meneja wa mfano huu hatapewa nafasi ya kurudi na ukurasa wake.

Ada na tarehe

Kabla ya mtandao, mahakama za Tanzania zilikuwa na msimamo uliozoeleka, unaotokana na uamuzi wa mwaka 1992 ambao hunukuliwa sana: tarehe ya kufungua ni tarehe ya kulipa ada, wala si tarehe ya kukabidhi hati masjala. Msimamo huo ulikuwa na mantiki yake. Karatasi ingeweza kulala mezani wiki nzima bila ya kulipiwa, na stakabadhi ya serikali ilikuwa ushahidi usioweza kubishiwa.

Kanuni za 2018 zilipokuja na tarehe ya kutumwa, ziligongana na mazoea hayo. Hati ilitumwa Ijumaa kabla ya saa sita, namba ya malipo ikatolewa Jumatatu, ada ikalipwa Jumanne: ni ya lini? Majaji wa Mahakama Kuu hawakuwa na kauli moja. Wengine walishikilia kwamba kanuni mpya imetaja kutumwa na haikutaja ada, basi kutumwa kunatosha. Wengine waliona kwamba bila ya ada hakuna kilichofunguliwa, mtandao uwepo au usiwepo. Kuna na utata wa tatu, kwa kuwa masjala ziliendelea kudai nakala za karatasi baada ya zile za mtandao, na wapo waliohesabu tarehe tangu karatasi zilipogongwa muhuri. Katika mabishano hayo mtu anayeona mbali atatambua vitenzi vile vile vya sehemu iliyotangulia, vimevaa majoho ya mawakili.

Kwa wakili mtendaji, somo la vitendo ni jepesi hata kama nadharia haijatulia. Ahesabu kwamba tarehe mbaya kuliko zote ndiyo itakayochukuliwa. Atume mapema kiasi kwamba hata ikihesabiwa siku ya ada, au siku ya karatasi, bado yumo ndani ya muda. Alipe siku ile ile namba ya malipo inapotoka, na kwa ajili hiyo awe na fedha ya mteja mkononi kabla ya kutuma. Mteja aliyeko Lubumbashi hawezi kuhamisha fedha kwenda Dar es Salaam jioni moja. Ahifadhi ujumbe wa mfumo unaothibitisha kutumwa, wenye tarehe na saa, pamoja na stakabadhi. Na asome kanuni zinazotumika siku ile anapotuma, si zile alizosomeshwa, kwa sababu katika eneo hili sheria hurekebishwa mara kwa mara.

Mtambo unapokwama

Waandishi wa kanuni walijua kwamba mitambo hukwama. Kanuni ya 24 ilimpa nafuu mtu aliyekosa muda kwa sababu ya hitilafu ya mfumo: aweza kwenda kwa msajili, au kwa hakimu mfawidhi, na kuomba, bila ya taratibu nzito, kwamba muda huo usihesabiwe. Lakini nafuu hiyo nayo ilikuwa na saa yake, yaani saa tisa ya alasiri ya siku ya kazi inayofuata. Wakili aliyelala akiamini kwamba hitilafu ya mtambo ni udhuru wa kutosha, akaamka na kushughulikia mambo mengine, aliweza kuipoteza nafuu siku ile ile aliyoipata.

Hitilafu ya mfumo wa mahakama ni jambo moja, na kukatika kwa umeme au mtandao ofisini kwa wakili ni jambo lingine. La kwanza linathibitishwa na mahakama yenyewe. La pili ni juu ya wakili kulieleza, na mahakama hazina huruma nyingi kwa ofisi isiyo na njia ya pili ya kupata umeme. Inapotokea skrini imekataa, yafaa kuipiga picha ikionyesha ujumbe wa hitilafu na saa, kisha kujaribu tena na kupiga picha tena. Mtu mwenye picha tatu za dakika mbalimbali ana ushahidi, na mwenye maelezo matupu ana malalamiko.

Hapa pana haki ya kutaja wale wasio na wakili. Kanuni zote za namna hii huandikwa kwa kumfikiria mtu mwenye kompyuta, barua pepe na subira. Mjane anayedai kiwanja hana hata kimoja kati ya hivyo viwili vya kwanza, naye hutegemea msaada wa masjala au wa kijana wa duka la mtandao. Kijana huyo, akichagua kisanduku kisicho chake, ameshika hatima ya kiwanja bila ya kujua. Kwa watu wa namna hiyo Kiswahili kilicho wazi kwenye skrini ni haki kamili kama haki ya kusikilizwa. Tarehe 1 Februari 2021, Rais John Magufuli alimpongeza hadharani Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, na jaji huyo akapandishwa kwenda Mahakama ya Rufani. Hukumu, hata hivyo, ni ukurasa wa mwisho wa shauri. Mjane hukutana na mahakama kwanza katika fomu.

Nchi jirani zimepita njia iyo hiyo. Nchini Kenya utaratibu wa mtandao ulizinduliwa katika mahakama za Nairobi tarehe 1 Julai 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipokuwa umefunga milango mingi ya masjala, na mwezi wa Machi 2024 ukatangazwa kwa mahakama zote za nchi. Uganda ilizindua mfumo wake mwezi wa Machi 2022. Rwanda ilitangulia, mwaka 2016.

Upande wa Lubumbashi

Katika mahakama za Lubumbashi lugha ya maandishi ni Kifaransa, na picha iliyomo ndani ya maneno yake si ya jalada wala ya uzi. Ofisi inayopokea hati huitwa greffe, neno lenye asili ya kalamu ya kale ya kuchoria. Shauri huandikwa katika rôle, yaani gombo. Mfuko wa hati ni dossier, kutokana na mgongo wake ulioandikwa jina. Watu wa mji wamekwisha kuyafanya maneno hayo kuwa yao: mtu huenda kwa avoka, avoka anamwona grefye, dosie inaingia tribinali, juji anaisoma. Mwenye kukidharau Kiswahili hiki cha mji kwa sababu ya mikopo yake na akumbuke kwamba masjala na jalada pia ni mikopo, tofauti ni umri tu.

Linalostahili kuangaliwa ni kitendo chenyewe. Sheria ya mwenendo wa madai ya tarehe 7 Machi 1960 imejenga rufani juu ya tamko. Mrufani, au mwakilishi wake mwenye idhini ya maandishi, hufika mbele ya grefye wa mahakama ya rufani na kutamka kwamba anakata rufani. Grefye hulipokea tamko na kuliandika. Muda ni siku 30. Hapa haitumwi hati, bali maneno yanasemwa na kalamu inayashika, na tarehe ni ile ya kalamu. Kwa upande wa kuingiza shauri katika gombo, gharama huwekwa kwanza mikononi mwa grefye, jambo ambalo lingewapendeza majaji wale wa Tanzania waliotanguliza ada.

Milango ya kielektroniki imekwisha kufunguliwa kwa kiasi. Sheria ya pamoja ya OHADA juu ya biashara kwa jumla, iliyorekebishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Kongo tarehe 12 Septemba 2012, ina kitabu kizima juu ya kuingiza rejista ya biashara katika kompyuta. Sheria ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inayatambua maandishi ya kielektroniki kuwa sawa na ya karatasi, mradi mwandishi wake aweze kujulikana na maandishi yasiwe yamechezewa. Lakini kuitambua hati ni jambo moja, na kusema imewasilishwa lini ni lingine. Siku tamko la rufani litakaporuhusiwa kufanywa kwenye skrini, hapana budi ielezwe kama kitendo kilichokamilika ni cha mrufani aliyebonyeza au cha grefye aliyeandika, na kama siku 30 zinakwisha kwa saa ya Lubumbashi au ya Kinshasa, ambazo zinapishana kwa saa moja ndani ya nchi moja.

Hadi siku hiyo, kazi iliyopo ni ya tafsiri. Mkataba wa Lubumbashi unaokwenda kwa wakili wa Dar es Salaam hupita mkononi mwa mfasiri, mara nyingi mhitimu kijana aliyejifunza Kiswahili sanifu darasani na Kifaransa cha sheria kazini. Atakuta katika hati yake kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuweka chini, déposer, kikitumika kwa hati iliyokabidhiwa greffe. Akikifasiri kwa kuwasilisha, amesema kwamba hati imefika na imepokewa. Akikifasiri kwa kupeleka, amesema tu kwamba iliondoka. Kabla ya kuchagua na autafute kwenye nakala muhuri wa grefye, na asome tarehe iliyomo ndani yake.